Koti la Nikanori

Glikeria Savishna alikuwa mkaidi, na mimi najua, maana nimekaa naye jirani miaka yote niliyokuwa mpiga tarumbeta wa kikosi chetu cha mahusari, askari wa farasi. Mumewe Nikanori ndiye alikuwa fundi cherehani wa kikosi, na Glikeria alishona pamoja naye. Mwaka 1882 amri ikatoka Petersburg: kuanzia leo hakuna mahusari. Tuvue makoti ya buluu yenye kamba za manjano kifuani, tuvae vikoti vya kijani visivyo na hata kifungo kimoja. Wapanda farasi wenye masharubu walilia, nami nikiwemo.

Nikanori aliugua mwaka huohuo. Siku ya kukata roho alimshika mkewe mkono. "Glasha, nizike na koti langu. Nisiende mbele ya Mungu na gunia."

"Nitakuzika nalo," akajibu.

Akamzika na shati jeupe! Wanawake sokoni wakamwita mwizi wa mali ya maiti. Mimi mwenyewe nilimwendea kwa hasira. "Shemeji, umemdhulumu marehemu!"

"Makoti yote yamesalimishwa, Porfiri. Limebaki hili. Nikilifukia, nani atajua lilivyoshonwa? Nimeliazima tu."

"Utalirudisha lini?"

"Mahusari wakirudi."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mbele ya mjane.

Akalificha sandukuni na majani ya tumbaku, nondo wasiliguse. Kila Radonitsa, siku tunayowapelekea wafu wetu mayai mekundu na chapati za maziwa, aliinama kaburini akasema, "Bado kidogo, Nikanori." Miaka ishirini na mitano alisema hivyo.

Halafu, ala! Amri ikatoka tena: mahusari warudi, na makoti yao. Mafundi wa mjini wakashona kwa kufuata michoro ya karatasi. Siku ya mazoezi ya sikukuu ya kikosi, kanali akapaza sauti, "Panga juu!" Mikono ikainuka, na pa! pa! pa! Safu nzima ya mbele ikabaki kamba zinaning'inia. Zilibaki siku tisa tu kabla ya sikukuu. Nikamkimbilia Glikeria, pumzi sina.

Alikuwa na miaka sabini na macho mabovu, lakini alikwenda na koti la Nikanori ndani ya furushi kwapani. Kanali akamtazama juu hadi chini. "Bibi, hapa hatufumi soksi."

"Wewe ulikuwa unanyonya nilipokuwa nashona hizi, baba. Nileteeni yule farasi wa mbao wa mazoezi, na mtu mmoja ampande."

Askari akapanda. Glikeria akamwinua mkono wa upanga, ndipo akaanza kubana kamba kifuani, uzi kwa uzi, huku akilipapasa koti la Nikanori kwa vidole. "Mafundi wako wamempima mtu aliyesimama kama nguzo," alimwambia kanali. "Husari anapigana akiwa amesimama?"

Kanali akaagiza nyuzi.

Wanawake walewale wa sokoni walikuja kumsaidia, nyuso chini. Hakuwatukana, ila hakuwaonea huruma pia. "Imelegea hii. Fumua! Anza upya!" Vidole vilitoka damu, na kazi haikusimama.

Siku ya sikukuu nilikuwa uwanjani na wastaafu wenzangu. "Panga juu!" Haikukatika hata kamba moja. Nililia kama mtoto, na sioni haya kusema.

Kanali akamjia Glikeria, akavua kofia. "Mama, tupe koti lile. Tutaliweka kwenye kabati la kioo, na jina lako chini yake."

"Jina langu liandikeni mnapotaka," akasema. "Koti si langu, niliazima."

Hakungoja hata chakula. Alinikamata mkono mpaka kaburini kwa Nikanori, akanipa sepetu. "Chimba, shemeji."

Nikachimba mpaka magotini, jasho likinitoka. Alilifunga koti vifungo vyote, kimoja kimoja, akalilaza shimoni.

"Haya, Nikanori," akasema. "Wamerudi. Vaa."