Ukuta wa Chumba cha Mtoto

Mwanangu, siku moja ya Julai naikumbuka kama vile bado nasikia simu ikilia. Alikuwa mdogo wangu Zawadi, anapiga kutoka hospitali, analia na kucheka kwa pamoja. "Dada, kesho tunatoka, tunakuja kwako! Mtoto anapumua vizuri!" Nilipiga vigelegele mpaka jirani akatoka nje. Mtoto yule alizaliwa kabla ya wakati, na mapafu yake yalikuwa yametunyima usingizi.

Basi nyumba ikachangamka kama harusini. Tulikuwa tumenunua hapa mtaani Rosettenville nyumba ya zamani, kuta zake matofali matupu yasiyo na nafasi ya hewa katikati. Baridi ya Julai huku waijua: asubuhi ukigusa ukuta kwa ndani, utadhani umegusa friji. Mume wangu alishaleta mabamba ya povu ya kuzuia baridi na bodi za jipsamu, tuuvishe ukuta wa chumba cha wageni. Mashemeji wakaja, mmoja na drili, mwingine na sufuria ya bugali. Vumbi na vicheko!

Mimi nikawa nabandua karatasi ya zamani chini ya dirisha. Kiganja kikarudi kimelowa. Nikanusa: uvundo. Na majira ya baridi hapa hayana mvua. Maji yametoka wapi?

"Simamisheni kazi," nikasema.

"Eish, Mama Riziki!" shemeji mwenye drili akaruka. "Mtoto anafika kesho! Tukishaufunika unyevu huu, nani atauona?"

"Mtoto hatauona. Atauvuta kifuani."

Shemeji akaweka drili chini. Mume wangu akapapasa ukuta, akatoka nje mbio. Kumbe bomba la bustani lilikuwa likivuja ndani ya ukuta uleule! Akafunga maji, akarudi uso unang'aa: "Nimelipata!" Ungedhani kachimbua dhahabu.

Kesho yake mtoto akalala chumbani kwetu, kwenye jua la asubuhi. Sisi tukatandika sebuleni, wala hatukujali. Tukatengeneza bomba, tukabandua plasta iliyooza, tukauacha ukuta ukauke kwa nafasi yake. Ulipokauka kabisa ndipo tukauvisha, tukaziba kila mwanya hadi pembeni mwa dirisha. Zawadi alipomlaza mwanawe humo mara ya kwanza, akamvua kofia ya sufu. Ndipo tukaziona nywele zake, nyingi, nyeusi ti! Tukashangilia upya.

Sasa nawe umepata nyumba yako ya zamani, na furaha imekujaa mpaka mikono haitulii. Furahi, mwanangu, ni haki yako! Lakini gusa ukuta kwanza. Tafuta maji yanakotoka, uache ukauke, ndipo uuvishe. Ziba viungo vyote, hewa ya vuguvugu isipenye nyuma ya bodi, ikapoa na kugeuka maji. Ukipika, fungua dirisha kidogo mvuke utoke. Na atakayekucheka kwamba unachelewa, mpe chai akae asubiri.

Mungu akupe nyumba yenye joto, pumzi nyepesi kwa kila atakayelala humo, na wageni wa kujaza sebule yako kwa kelele za furaha. Amina.