Mafuta Katika Chemchemi

Colombe alikuwa mwanamke wa bima. Miaka ile ya vita, wengi wakifunga ofisi zao mjini Bukavu, yeye alimshawishi mkuu wake wajaribu jambo jipya: dereva ambaye gari lake halitoi moshi mweusi, halivuji mafuta, na ambaye haendeshi kwa pupa, alipie bima nafuu kuliko wenzake.

"Petroli ni shida, na ziwa ni letu, tusilichafue," aliwaambia madereva wa teksi pale Nyawera. "Nendeni polepole, mutunze mota."

Walimcheka, kisha wakaanza kumsikiliza.

Grégoire, dereva wa teksi na jirani yake kule Cimpunda, aliomba nafuu hiyo. Colombe akainama, akaona tone jeusi chini ya gari, akamkatalia mbele ya watu. "Tengeneza kwanza, papa Grégoire." Grégoire akaenda kutengeneza. Colombe hakurudi kuangalia.

Jumamosi moja fundi alikuja kubadilisha mafuta ya mota ya gari la Colombe mwenyewe, nyumbani kwake. Colombe alikuwa akivaa, harusi ya binamu yake inamngoja.

"Maman, haya ya zamani nimwange wapi?"

"Mwanga mu mtaro tu." Fundi akayamwaga.

Jioni mvua ikanyesha, kubwa, ikasomba kila kitu kuelekea bondeni.

Mabomba yalikuwa makavu tangu mapigano, na mtaa mzima uliteka maji kwenye chemchemi ya bondeni. Asubuhi wanawake waliyakuta yanameremeta rangi rangi kama shingo ya njiwa. Bibiane, mama wa mapacha, alikwisha kuwapikia watoto uji. Aliumwaga wote, akapanda kilima na bidoni lake la maji mkononi.

"Ni mafuta ya Grégoire!" alipaza sauti. " Maman Colombe mwenyewe alisema motokari yake inavuja."

Wakamzunguka Grégoire mlangoni pake. Aliapa hadi sauti ikamkauka. Kisha akamwona Colombe amesimama nyuma ya wengine, akafurahi kama mtu aliyemwona ndugu.

"Maman Colombe, weye njo unajuaka mambo ya motokari. Ambia bamama. Nilitengeneza."

Colombe akakumbuka mtaro wa nyumbani kwake.

"Mimi sikuangalia tena," alisema.

Halikuwa neno la uongo. Akarudi kwake, akakaa kitandani na viatu miguuni, asiweze hata kunywa chai.

Grégoire akakatazwa kuegesha gari mtaani. Akawa analiacha chini, kando ya barabara kuu, na huko watu wenye bunduki wakalichukua. Lilionekana likielekea Walungu, halikurudi.

Alikuja ofisini kuuliza. Colombe ndiye aliyemsomea, kidole kwenye mstari, kwamba bima hailipi hasara ya vita.

"Aksanti, maman," Grégoire alisema, akavaa kofia yake.

Aksanti ile Colombe hakuiweza. Aliteremka hadi chemchemi akiwa bado na nguo za ofisi.

"Mafuta ilikuwa yangu," akawaambia wanawake. "Ni mimi nilisema bayamwange."

Bibiane alitua bidoni lake chini. "Na ukatuacha tufukuze motokari ya mwanaume wa watu?"



Kutoka hapo Colombe alikwenda kwa Grégoire, akaweka ufunguo wa gari lake mezani. Grégoire aliutazama bila kuugusa.

"Nitachukua, juu ya batoto, bapate kula," alisema mwishowe. "Lakini usinieleze tena namna ya kuendesha."

Wanawake walipochimba mfereji wa kuyaepusha maji machafu, Colombe alichimba nao. Hakuna aliyemfukuza, wala hakuna aliyeongea naye. Ukaguzi wa magari akamwachia mwenzake wa ofisini.

Yeye sasa alikuwa akienda kazini kwa miguu. Mara nyingine Grégoire alimkuta njiani, akapunguza mwendo asimrushie matope, akasimama. "Panda, maman."

"Hapana, papa. Niko karibu kufika," Colombe alijibu, na ofisi ilikuwa mbali bado.