Magoti ya Mchekeshaji

Nilisikia kikohozi kabla sijaona kitu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, bodaboda aliyenitoa Chonyonyo alikuwa ameshageuza, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye tope la Bugene nikiutafuta ukumbi wa kanisa kwa masikio. Kikohozi kimoja kikasikika, kingine kikakijibu, halafu vikaja thelathini kwa mpigo. Nikadhani nimepotea, nimefika kliniki ya kifua kikuu. Nilipousukuma mlango ndipo nikaelewa. Walikuwa wanawake, wanacheka.

Kwetu mwanamke aliyelelewa hacheki meno nje mbele ya wazee wa kiume. Kwa hiyo akina mama walikuwa wamejaa mabenchi ya nyuma, vitenge midomoni, wakikohoa kwa raha mpaka mabega yanaruka. Mbele, kwenye viti vya plastiki, wanaume walikaa wamekunja mikono kama wajumbe wa baraza walioletewa kesi ya mbuzi.

Jukwaani alikuwa rafiki yangu. Tumekaa dawati moja tangu darasa la tatu. Siku za kazi anauza mbegu na dawa za kuku katika duka la pembejeo pale Kayanga, na akipata nafasi anapanda jukwaani kuisema serikali, wanaume, na serikali ya wanaume. Alikuwa ameshachekesha Bukoba na Mwanza, mbele ya watu wasiomjua baba yake. Jumapili ile ilikuwa mara ya kwanza kufanya hivyo nyumbani.

Baba yake ndiye aliyekuwa kikwazo. Wiki moja kabla, nilikuwa nao kwao Kyerwa, tunamenya ndizi uani. Mzee ni mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, mtu wa sauti ndogo. Rafiki yangu anamwita tata, kama sisi sote huku tunavyowaita baba zetu.

"Nasikia unakwenda kuwasema watu," mzee alisema.

"Siwasemi watu, tata. Naisema serikali."

"Serikali ni watu. Na mila?"

"Mila naigusa kidogo."

"Basi sikiliza. Ukisimama mbele za watu ukaicheka mila, siku utakayoniamkia sitaitikia."

Alisema kwa upole, akaondoka kwenda kugeuza kahawa yake juani. Mgeni angeona ni adhabu nyepesi. Lakini huku binti humwamkia baba yake kwa magoti, na hainuki mpaka asikie marahaba. Kunyimwa marahaba ni kufukuzwa nyumbani bila kufungashiwa begi. Tulipokuwa tunarudi rafiki yangu aliniambia, "Bora angenilaani kwa sauti, ningejua tunaongea."

Sasa alikuwa jukwaani, gauni la njano, kipaza sauti mkononi.

"Wenzangu, bungeni kuna viti maalumu vya wanawake. Watu wa Dodoma wanadhani wamegundua kitu! Mimi nimezaliwa nikamkuta mama yangu ana kiti maalumu. Kiko jikoni, kina miguu mitatu, anakikalia akimenya ndizi. Hakijawahi kuwa wazi. Hata uchaguzi mdogo hakuna!"

Vikohozi vikalipuka. Wauguzi wawili mbele yangu walishikana ili wasianguke. Walimu walitazamana kwanza, wakahakikisha mkuu wao hayupo, ndipo wakacheka. Mzee mmoja mwenye koti zito akamwinamia jirani yake.

"Anasema vizuri. Lakini anasema nini?"

"Ndizi," jirani akamjibu.

"Wakati wa kampeni," rafiki yangu akaendelea, "mgombea alikuja kijijini kwetu. Suti, viatu vinang'aa, na tope la Kyerwa mnalijua. Akapiga magoti! 'Mama zangu, naombeni kura.' Mama akaninong'oneza, 'Huyu kalelewa, laiti angekuwa binti ningemtafutia mchumba.' Tukampa kura. Alipoinuka, ndiyo kainuka. Hata shingo haijawahi kuinama tena."

Mwenyekiti wa kitongoji alicheka kwa nguvu, akakumbuka kwamba mgombea yule ni wa chama chake, kicheko akakimalizia tumboni.

"Sasa nisaidieni hesabu. Yeye kapiga magoti mara moja, kapata miaka mitano. Mama yangu anapiga magoti kila asubuhi tangu aolewe. Mbona hajapata hata ubalozi wa nyumba kumi? Sisi wanawake tunapiga magoti kuliko wagombea wote wa nchi hii, na hatujawahi kuchaguliwa!"

Hapo vitenge vilishindwa kazi. Kicheko kilitoka kama kilivyoumbwa, na bibi mmoja wa benchi la mwisho alikuwa anajipiga paja. Ndipo mlango ukafunguka nyuma yangu na baridi ikaniingia shingoni. Baba yake alikuwa amesimama pale, kofia mkononi, koti linachuruzika maji.

Nilimwona rafiki yangu akimwona. Hakuna aliyemwagiza. Magoti yalikwenda yenyewe, kama yalivyofundishwa tangu anajifunza kutembea. Alishuka chini pale pale jukwaani, kichwa kimeinama, kipaza sauti bado mdomoni, na spika mbili kubwa zikamwamkia mzee kwa niaba ya Bugene nzima.

"Shikamoo, tata."

Halafu bibi wa benchi la mwisho akapaza sauti.

"Haya! Mchagueni!"

Ukumbi ulipasuka. Wanaume walikunjua mikono ili wapate pa kujishikilia. Mwenyekiti alicheka mpaka mwisho safari hii, maana hapakuwa na chama. Mimi nililia machozi ya kucheka. Halafu, safu kwa safu, kicheko kikaanza kufa, kwa sababu watu walikuwa wanasikiliza marahaba, na marahaba haiji.

Mzee alikuwa anamtazama tu.

"Shikamoo, tata," rafiki yangu akarudia, na sasa haikuwa sauti ya jukwaani.

Yule mwenye koti zito akageuka. "Mzee mwenzangu, mwitikie mtoto. Bado tunasikiliza ndizi."

"Mimi sikumpigisha magoti," mzee akasema taratibu. "Nimefungua mlango tu."

Wanaume wakaguna kwa kuridhika, kama watu waliofunga bao dakika za mwisho. Na kweli lilikuwa bao. Katika maneno sita, mzee alikuwa ameubeba mchezo wote wa binti yake na kuutia mfukoni.

Rafiki yangu akainua uso, magoti bado chini.

"Mnamsikia? Huo ulimi nimerithi kwake. Shamba wamerithi kaka zangu."

Akina mama walipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia ndani ya ukumbi wa kanisa. Wanaume wakaanza kukagua dari.

"Marahaba, mwanangu!" bibi wa nyuma akaita. "Nakuitikia mimi. Inuka, magoti hayana spea!"

"Asante, bibi. Lakini salamu haikuwa yako."

Akabaki pale. Mvua ilikuwa imezidi kulipiga bati. Kisha akaweka kiganja juu ya goti la kulia, akajisukuma, akasimama. Mzee hakuwa amemwitikia, na alisimama.

Hakuna aliyecheka. Wanawake wale wale waliokuwa wamelia kwa kicheko juu ya magoti sasa waliangalia sakafu. Muuguzi mmoja aliweka mikono kichwani. "Yesu wangu, kasimama," alinong'ona. Na mimi, niliyemsifia kila kichekesho kwenye simu usiku kucha na kumwambia ni shujaa, nilihisi magoti yangu mwenyewe yakiomba ruhusa ya kushuka. Nilitamani arudi chini. Naandika hivyo kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mtu wa mbele alikuwa ameshamsogezea mzee kiti cha plastiki. Mzee hakukiona, au hakutaka kukiona. Alikuwa anamtazama binti yake, na kwa mara ya kwanza macho yao yalikuwa yamelingana wakati wa salamu.

"Umemaliza?" akauliza.

"Bado, tata. Nimebakiza wanaume."

Mahali fulani katikati, kikohozi kimoja kikamponyoka mtu. Mzee akaigeuza kofia yake, akaipangusa maji kwa kiwiko, bila haraka, kama yuko peke yake barazani. Rafiki yangu alikuwa amekishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Basi malizia," mzee akasema. "Tutasalimiana nyumbani."

Hakusema 'utanisalimia'; alisema 'tutasalimiana'. Mabenchi ya nyuma yalilisikia neno lile, maana minong'ono ilianza papo hapo, kila mmoja akimwuliza mwenzake kama amesikia sawasawa. Mzee akavaa kofia, akanipita bila kunitazama, akatoka mvuani. Mlango ule, uliovimba kwa maji, ulikataa kufunga mara ya kwanza. Akaurudia kwa nje, akauvuta kwa nguvu zaidi, ukafunga.