Ramani ya Ardis Tollefsrud

Huku Wisconsin mwanamume atakusimulia maradhi yake yote, hata bawasiri, lakini usimuulize dungu lake la kuwindia, lile jukwaa la juu ya mti, liko wapi.

Ardis Tollefsrud, mjane anayeuza chambo na kahawa karibu na daraja, aliamua kuuliza hata hivyo. Alitundika ramani ukutani, na kila mwindaji aliyeleta kichwa cha kulungu kupimwa alitakiwa achome pini pale alipompigia. Ugonjwa unaokondesha kulungu hadi kufa ulikuwa umeshavuka mto. Ardis alitaka kujua umefika wapi, watu waache kula nyama ya huko bila kupima. Kama unamdhuru binadamu, hakuna aliyethibitisha bado, naye hakutaka wa kwanza atoke kwetu.

Pini zikachomwa. Karibu zote nyuma ya kanisa, kwenye kinamasi ambacho hata chura hakitaki.

"Kumbe kulungu wote wa hapa ni Walutheri?" Ardis akauliza.

Wakacheka, wakaendelea kunywa kahawa yake. Mimi niliyekuwa nao pale dukani nilikasirika mno. Watu wazima, na bunduki zao, wanaogopa kuibiwa mti!

Jumatatu majibu ya maabara yakaja. Kulungu wa LaVern, mdogo wa marehemu mume wa Ardis, alikuwa mgonjwa. Pini yake ilikuwa palepale kinamasini.

"Shemeji, ulimpiga wapi?"

"Si nilishachoma pini?"

"LaVern, usinifanye mtoto. Kuna watu wanakaanga nyama ya huko sasa hivi!"

"Wapime, basi."

"Wangekuwa wanapima ningekuuliza?"

"Shemeji, niombe figo nitakupa. Dungu, hapana."

Ardis hakubishana tena. Alichukua pini nyekundu, akaichoma Bonde la Mierezi, mahali penye dungu la marehemu mumewe, Orrin, ambalo sasa analitumia mwanawe Loren. Orrin hakuwahi kumwonyesha mtu wa nje ya nyumba yake, hata ndugu yake wa damu. Pini iliingia hadi kichwani.

"Haya, letu ndilo hilo. Njooni mjazane. Sasa nyinyi."

Kisha mzee mmoja akainuka huku akinung'unika, akaihamisha pini yake. Wengine wakamfuata, nyuso zimewaiva kwa aibu. Akabaki LaVern. Aling'oa pini yake, akaisogeza taratibu mpaka ikagusana na ile nyekundu.

"Nilimnyatia Orrin siku moja, nikapaona," akasema, macho chini. "Siku hizi Loren akishuka, mimi napanda. Nisamehe, shemeji."

Ardis aliziangalia zile pini mbili. Hakumtukana. Loren alikuwa ameua kulungu bondeni wiki iliyopita, na kichwa alikitupa porini, kwani kupima alikuita kazi ya waoga.

Akanyanyua simu.

"Loren, mwanangu, nisikilize vizuri. Watoto wamekula nini leo?"