Harub Ataka Kuwa Mjane

Mwaka 1998, mwalimu Ghaniya alipokwenda Hija, alilala hema moja na mwalimu mwenziwe wa Aceh, kule Indonesia. Walielewana kwa Kiarabu cha kuombea maji, kilichobaki wakamalizia kwa mikono. Ndivyo alivyosimuliwa habari za Malahayati, mwanamke wa Aceh wa karne nne nyuma: mumewe alipouawa vitani, aliwakusanya wajane wenziwe, akawa amiri wa jeshi la baharini, akawatoa jasho Waholanzi.

Aliporudi kwao Ibra, habari ile ilimwasha rohoni. Alikuwa akisomesha rawdha, vitoto vya miaka mitano, na asubuhi moja akavipangia viti viwe meli. Wasichana wakawa wajane. Wavulana wakawa Waholanzi, wakapigwa kwa mito mpaka kengele ikalia.

Siku ya pili akaja Humoud, babake Harub, mmoja wa Waholanzi wale, kanzu imenyooka, uso umekunjana. Nyuma yake mama yake Humoud mwenyewe, Bi Asya, na bakora yake.

"Shikamoo, Bi Asya," alisema Ghaniya.

"Marahaba, mwanangu."

"Mwalimu," alisema Humoud, "mtoto hajala tangu jana. Hataki tena kuwa Mholanzi, anataka kuwa mjane. Nimemwambia mwanamme huwa mgane. Kanijibu mgane hana meli."

Ghaniya aliuma shavu kwa ndani asicheke. Bi Asya akajivuta kitini.

"Huyo bibi mjane wa meli, nani alimpa ruhusa ya kutoka?"

"Alimwomba sultani, akamkubalia."

Bi Asya akamgeukia mwanawe taratibu. "Sultani kakubali. Mimi tangu kufa babako nakuomba unipeleke Sur kwa dada yangu, nawe unanambia mjane mtu mzima hatangitangi."

"Mama, hayo si ya kuzungumza hapa."

"Basi tutayazungumza garini."

Alhamisi ile wakenda Sur. Bi Asya alikaa mbele, bakora mapajani, akiamuru njia nzima: punguza, pita, mwache huyo atangulie. Akabaki kwa dadake; Humoud alipompigia simu arudi, alisema bado.

Kule rawdha, Harub akapewa ujane wake. Wavulana wote nao wakautaka, pasibaki wa kupigwa. Ghaniya akavua viatu, akakaa mkekani, akawa Mholanzi yeye mwenyewe.

Alirudi nyumbani buibui limekwenda upande. Mumewe akamuuliza kulikoni.

"Wajane wamenipiga," alisema, akaomba chai.