Santuri Iliyomzika Mama

Kaka yangu alipiga dramu katika bendi ya roki iliyovuma sana Zambia. Sisi wa kwao Tunduma tulimsikia redioni zaidi kuliko tulivyomwona. Alivuka mpaka akiwa kijana, na Mama ndiye aliyemfundisha la kusema: ukiulizwa, wewe ni mtoto wa mjomba wako wa Nakonde. Hakuna aliyeona ubaya. Ukoo wetu wa Kinamwanga umekaa pande zote mbili za mpaka, na kila nyumba mtaani kwetu ilikuwa na mtu ambaye asubuhi ni Mtanzania, mchana Mzambia. Mama mwenyewe alivuka hivyo hivyo na maharage yake ya kuuza, aliyoyanunua Iyula.

Mwishoni mwa miaka ya themanini, biashara zilipoanza kufunguliwa, ilivuka santuri ya namna ya pekee. Haikuwa ya nyimbo tupu. Ilisimulia habari za bendi tangu ilipoanzishwa: mtangazaji anaeleza, wanamuziki wanahojiwa, na katikati vipande vya nyimbo. Jirani yetu mwenye kilabu cha pombe, aliyewahi kufanya kazi migodini Kitwe, aliinunua. Kabla hajaisikiliza akaja mbio kutuambia kwamba jina la kaka liko kwenye jalada, tena imeandikwa kwamba anazungumza humo.

Mama alichanganyikiwa kwa furaha. Miaka yote hiyo alikuwa na hamu moja tu, kumsikia mwanawe akimtaja mbele za watu. Wanawake wenzake sokoni walishamchosha kwa vijembe: maarufu gani huyo asiyetuma hata salamu. Basi akachinja jogoo na kuwaalika hao hao wenye vijembe. Nilimwambia tuisikilize kwanza wenyewe. Akasema nina wivu. Sikuwa na wivu. Nilikuwa namjua kaka.

Jumapili mchana tukajaa kilabuni. Mtangazaji alisema Kiingereza, mwenye kilabu akitafsiri, na Mama akavumilia habari za magitaa na safari za Lusaka zisizomhusu. Kisha ikaja sauti ya kaka, kwa Kibemba. Mama akamnyamazisha mkalimani kwa mkono, maana Kibemba cha sokoni alikijua vizuri. Kaka akaanza, "Bamayo," yaani mama yangu. Mama akasimama, akawatazama wenzake mmoja mmoja.

Kaka akaendelea, kwa sauti yake tamu, kwamba mama yake alikufa yeye angali mdogo, akalelewa na mjomba, na uchungu huo ndio anaoutoa kwenye dramu.

Mwenye kilabu akainua sindano ya gramafoni. Hakuna aliyecheka, na heri wangecheka. Muuza nyanya mmoja, kwa mazoea tu nadhani, alimshika Mama mkono na kumwambia, "Pole, dada." Akampa Mama pole ya msiba wa Mama.

Tuliporudi nyumbani nilimtukana kaka matusi yote niliyoyajua. Mama akanikataza.

"Mwache. Anaogopa kurudishwa huku. Mimi ndiye niliyemwambia aseme ni mtoto wa mjomba."

"Ulimwambia awe mtoto wa mjomba, Mama. Hukumwambia akuue."

Akaenda kuwapakulia wageni wake, maana jogoo alikuwa ameshaiva na watu walikuwa wameshakaa mkekani. Hadi leo namchukia kaka kwa mlo ule. Kuwa mtoto wa mjomba kulimtosha kabisa kupita mpakani. Kifo alikiongeza mwenyewe, ili masimulizi yapendeze.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na sokoni hakuna aliyemuuliza tena habari za mwanawe. Alipofariki kweli, simu za mkononi zilikuwa zimeshafika. Nikampigia kaka Lusaka. Alilia, na kilio chake nilikiamini. Nikamwambia tutamsubiri, hata kama ni hadi kesho.

Akasema, "Mdogo wangu, huku wote wanajua mama yangu alikufa zamani. Mke wangu anajua hivyo, na watoto. Nitawaaga nikisema nakwenda kumzika nani?"

Nikakata simu. Nikatoka nje, nikawaambia wanaume waliokuwa wakimsubiri kwamba hakuna mwingine anayekuja, wabebe jeneza.