Kijito Alichokiita Kigeugeu

Aliyekipa kijito chetu jina la Kigeugeu ni Mama Chilufya, jirani yangu, na mkaidi kama yule sijapata kumwona. Alilima mboga za lengalenga kando ya kijito hicho kinachoshuka kutoka kiwanda cha shaba, nyuma ya mtaa wetu. Ukimwambia udongo ule umechoka, anakujibu umechoka wewe.

Neno lenyewe alilipata kanisani. Katekista alikuwa akiwagombeza Wakristo wanaosali Jumapili, kisha Jumatatu wanabisha hodi kwa mganga, vigeugeu, aliwaita. Mama Chilufya akarudi nyumbani, akakuta kijito kilichokuwa chekundu asubuhi kimegeuka buluu. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo mtaa mzima tukakiita hivyo.

Siku moja akaja Falonne, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Kasapa anayekusanya majina ya mito.

"Jina hii ilitoka wapi, mama?"

"Ku kugeuka. Kitu ikigeuka mara moja, si neno. Hii inageuka, inageuka tena, na haikwambie."

"Lakini kigeugeu iko mutu, mama. Leo anasema ivi, kesho ivi. Mayi haina mutima."

"Basi uandike bigeugeu beko bale ba kule yulu," alijibu, akaelekeza jembe kwenye kiwanda.

Kanuni yake ilikuwa rahisi. Maji yakiwa mekundu, hamwagilii. Yakiwa ya buluu, hata mikono hanawi. Yakiwa maangavu, anajaza ndoo. Ndiyo maana tulinunua mboga kwake tu. Akikuambia kula, unakula bila wasiwasi. Kule sokoni nani angejisumbua kutazama?

Novemba iliyopita maji yakawa maangavu siku nne mfululizo, unaona mpaka mchanga wa chini. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, lakini nani kati yetu alikumbuka? Mama Chilufya alimwagilia matuta yote, akasimama majini huku anaimba, akatuuzia mafungu makubwa.

Siku ya tano alikuta vyura wamekufa ukingoni na majani machanga yameungua ncha. Akapanda kuuliza. Mlinzi wa kiwanda alimwambia, kama anayesimulia habari za mvua, kwamba bwawa la asidi lilikuwa limepasuka tangu Jumapili, siku ile ile maji yalipoanza kuwa maangavu.

Niseme wazi: angeweza kunyamaza. Wengi wangenyamaza, na mimi sijui kama nisingekuwa mmoja wao. Yeye alitupa jembe, akaanza kupita mlango hadi mlango.

"Mutupe lengalenga yangu. Mayi ilikuwa na asidi."

Edith, muuza makaa, alimfokea mbele ya watu. "Jana ulisema iko muzuri, leo unasema tutupe! Kigeugeu njo weye!"

Watu walicheka. Mimi ningemzaba Edith kofi. Mama Chilufya alimuuliza tu kama mboga ziko bado kwenye sufuria, akangoja mpaka zikamwagwa shimoni, kisha akaenda nyumba ya pili. Alikuwa pekupeku. Miguu ilikuwa imejaa malengelenge, viatu haviingii.

Kwangu alifika jioni.

"Ulisha kupika ile lengalenga?"

"Tulisha kula, mama. Jana, na leo tena."

"Na batoto?"

Abigaëlle, binti yangu wa miaka minne, alikuwa amelala mkekani tangu mchana, ameshika tumbo. Nilidhani ni joto. Nilitamani kumdanganya yule mama, Mungu anisamehe. Nikamwambia ukweli: mtoto hali bukari, ugali wetu, bila mboga yake, na leo alipoomba nyingine nilimwongeza mara mbili.

Mama Chilufya alimfunga Abigaëlle mgongoni kwa kitenge changu, akatoka mbio kuelekea zahanati kwa miguu ile iliyochubuka, nami nyuma yake, nikimtukana na kumshukuru kwa pumzi moja.